Fundi Konde na Gitaa la Stima

Ukiuliza ni nani aliyetoka bara ya Kilifi akavuma, aghalabu utatajiwa Mekatilili wa Menza, na hiyo ni haki yake. Baada ya hapo watafuata wanasiasa, na orodha yao haina mwisho. Mimi leo namwomba msomaji tumkumbuke mtu ambaye hakuongoza vita wala hakukalia kiti cha Bunge. Mali yake ilikuwa nyuzi sita na waya mmoja. Huyo ni marehemu Fundi Konde, ambaye wajuzi wa muziki wa Kenya wamemhesabu kuwa ndiye wa kwanza nchini kulipiga gitaa la stima.

Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu ya jambo moja linalonikera. Vijana wetu wapigao zilizopendwa katika mahoteli ya Malindi na Watamu wanamjua Konde, au tuseme wanazijua nyimbo zake. Lakini wakifika kwenye nyimbo hizo, hukanyaga kijisanduku kilichoko miguuni ili gitaa lao la umeme litoe sauti kama ya gitaa kavu la mti. Wanadhani wimbo wa zamani hauna budi kuwa na sauti ya mti. Basi yule aliyetuletea umeme katika muziki wetu anavishwa nguo ya kabla yake.

Konde alizaliwa tarehe 24 Agosti, 1924, mahali paitwapo Mwabayanyundo, katika nchi ya Wagiriama ambayo leo ni kaunti ya Kilifi. Miaka kumi tu ilikuwa imepita tangu vile vita vya Wagiriama na Waingereza vya 1914, na wazee waliokuwa hai walivikumbuka vizuri. Mtoto wa zama hizo alikua katika milio ya kayamba na ngoma za kwao, na huku pwani beni zilikuwa zimeshashika miji, zenye matarumbeta na mashindano na fitina zake. Gitaa nalo lilikuja kwa njia ya bandari, kama mambo mengi mengine yalivyotujia, mabaharia wakilibeba begani.

Hapa ni lazima nisimame kidogo nieleze gitaa hilo ni kitu gani, maana bila ya hayo hatutafahamu Konde alifanya nini. Watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa kwamba uzi peke yake hauna sauti. Funga uzi baina ya misumari miwili ukutani, uupige, utasikia kijisauti cha mbu. Ufunge uzi huo huo juu ya kibuyu cha zeze au juu ya tumbo la udi, utasikia sauti ya kumtoa mtu machozi. Ni kasha ndilo lisemalo. Uzi hutikisa daraja dogo la mti, daraja hutikisa ubao wa juu, na ubao hutikisa hewa iliyomo ndani ya kasha, ambayo hutoka kwa kupitia tundu lililoko katikati. Katika gitaa la kawaida hewa ile hupenda kutikisika kiasi cha mara mia moja kwa sekunde, na ubao wa juu hupenda kiasi cha mara mia mbili. Noti zinazoangukia karibu na vipimo hivyo hunenepa, na nyingine hubaki nyembamba. Kadhalika kila mdono wa kidole hupasuka ghafula kisha hufifia upesi, kwani mti hunywa nguvu ya uzi na kuimwaga hewani.

Sauti hiyo ni tamu, lakini haifiki mbali. Marekani walilitambua hilo katika miaka ya 1930, pale gitaa lilipokaa ubavuni mwa matarumbeta likawa halisikiki. Mwaka 1931 George Beauchamp alitengeneza kifaa cha sumaku na waya, na mwaka uliofuata gitaa la Rickenbacker lenye kifaa hicho likaanza kuuzwa. Mwaka 1936 Gibson walitoa gitaa lao la ES-150, ambalo Charlie Christian alilipatia jina kubwa katika jazi. Huko kwetu wakati huo Konde alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomtoa nyumbani. Aliingia katika kikosi cha burudani cha jeshi la KAR, akapelekwa mashariki, Bara Hindi na Burma. Askari wa Afrika Mashariki walipigana vikali katika misitu ya Burma mwaka 1944, katika mvua na malaria, na wale waliotoka mstarini walihitaji kuchekeshwa na kuimbiwa. Nadhani hakuna chuo cha muziki kilichoweza kumfundisha mpiga gitaa somo kama lile. Mbele yake wako mamia ya wanaume waliochoka, wasemao lugha kumi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Wimbo usipofahamika umekwisha. Na gitaa lisiposikika, hali kadhalika.

Waliorudi kutoka vitani hawakurudi kama walivyokwenda. Wengi walirudi na saa, na wengine na siasa. Konde alirudi na ustadi. Tangu mwaka 1947 alianza kutoa sahani za santuri, na katika miaka ya 1950 jina lake lilikuwa limeenea Kenya nzima, hasa kwa sahani za HMV zenye kibandiko cha buluu. Majengo Siendi Tena, Tausi Ndege Wangu, Mama Sowera: mtu mzima yeyote wa Mombasa au Malindi aliyekua karibu na redio amepitiwa na mojawapo. (Na kila mji wa pwani una Majengo yake, kwa hiyo kila mji ulidhani wimbo ule ni wake.) Kiswahili chake kilikuwa safi, sauti yake ya upole, na mikono yake haikuwa na haraka. Alizipanga noti zake kwa makundi laini yaliyofuatana kama maji ya bamvua yanapopanda, pasi na kishindo.

Ulaini ule haukuwa wa mti, ulikuwa wa umeme, na njia yake ni hii. Chini ya nyuzi za gitaa la stima kuna sumaku, na sumaku hiyo imezungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu. Wapigaji hukiita kifaa hicho pikapu, na msomaji asidhani nataja gari la kubebea makuti. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, huitikisa nguvu ya sumaku, na katika waya ule huzaliwa umeme mdogo wenye mtikisiko ule ule. Siri hiyo Faraday aliionyesha huko Uingereza tangu 1831, kabla ya yeyote kuwaza gitaa la stima. Umeme huo hupita kwenye waya, huingia katika amplifaya, hukuzwa, na spika huutoa ukiwa sauti.

Sasa tazama lililopotea njiani. Pikapu husikia uzi tu, na humsikia mahali pamoja tu, pale alipopita juu ya sumaku. Kwa mti pikapu ni kiziwi, au karibu na kiziwi. Hewa ya ndani ya kasha haimhusu. Tena waya ule wa mizunguko mingi una tabia yake: huzipenda sauti za kati, huzinyanyua zile za mitikisiko elfu mbili hadi elfu tano kwa sekunde, na juu ya hapo huziacha zianguke. Ule mng'aro mwembamba wa juu, kama mchanga ukimiminwa, hautoki. Na spika ya gitaa nayo hukata juu ya kiasi cha elfu tano. Sisi tunaoishi karibu na misikiti twajua jambo hili. Mwadhini ni mmoja na adhana ni moja, lakini uisikiapo ukiwa ndani ya msikiti na uisikiapo kutoka kwenye tarumbeta la juu ya mnara, ni sauti mbili, ingawa humkosi mtu.

Konde alikichukua kile kilichobaki akakifanya mali. Sauti ya kati ikiwa nene, alipiga makundi ya noti yanayopenda unene. Uzi wa umeme ukidumu kuliko wa kasha, aliuachia udumu, wala hakuudonoa-donoa. Simwoni mtu aliyepewa gitaa pungufu akalivumilia. Namwona mtu aliyepewa chombo kingine akakijua kuwa ni kingine.

Ukitaka kuona tofauti yao, mweke ubavuni mwa Mwenda wa Bayeke, yule bingwa wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda huko Jadotville, mji uitwao Likasi leo, akipiga Masanga kwa gitaa kavu na vidole viwili, na wasikilizaji wakaapa kuwa wapigaji ni wawili. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 Mwenda alikuja Nairobi, akafanya kazi na Peter Colmore, Muingereza aliyeshika biashara ya burudani na matangazo. Basi mji mmoja ukawa na sauti mbili: ya Mwenda iliyojaa mti, kila noti ikipasuka kama punje ya bisi, na ya Konde iliyoteleza kwenye waya. Wote wawili waliimba Kiswahili, na hapakuwa na aliyemwambia mwenziwe kuwa yeye ndiye wa kale.

Kijana wa leo apigaye hotelini hutakiwa awe Mwenda saa mbili na Konde saa tatu, naye ana gitaa moja, la umeme. Kulibeba la pili ni gharama na ni mzigo. Isitoshe, gitaa kavu likiwekewa mikrofoni jukwaani hupiga mluzi mara spika zinapopandishwa, kwani kasha lake hupokea kelele ya spika na kuirudisha. Ndiyo sababu pedali ya kuigiza gitaa kavu ikapata soko. Iliyojulikana zaidi ni ya Boss, kampuni ya Roland ya Japani: AC-2 ilitoka mwaka 1997, na AC-3 ikaifuata mwaka 2007. Ni kijisanduku cha chuma kinachoingia kiganjani, chenye betri ya volti tisa, nacho hukaa baina ya gitaa na amplifaya.

Nimepata kumwona kijana mmoja wa Malindi akikifungulia kifuniko chake, akitarajia pengine kuona kipande cha mti ndani. Hakuna mti. Kilichomo ni hesabu. Kwanza pedali huzipunguza zile sauti za kati ambazo pikapu ilizinenepesha. Kisha huzinyanyua za juu, ili ule mng'aro wa mchanga urudi, au ufanane na uliorudi. Chini nako huongeza vile vipimo vya kasha, kama mia na kama mia mbili, ili noti zinazoangukia hapo zinenepe kama zinavyonenepa katika kasha la kweli. Halafu, na hili ndilo la werevu zaidi, huuvizia mwanzo wa kila mdono. Kidole kinapogusa uzi, pedali huupa mwanzo ule ukali, upasuke, kisha huituliza sauti inayofuata. AC-3 huongeza mwangwi kidogo, kama wa chumba. Mna vitufe vya kuzungusha, kimoja cha mwili na kimoja cha sauti za juu, na mna chaguo la gitaa la kawaida, la kasha kubwa, la mdono mkali, na moja linaloiga pikapu ya kioo.

Pikapu ya kioo nayo ina kisa chake. Ndugu wawili wa Kifaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya vioo vya madini vikibanwa hutoa umeme. Kifaa cha namna hiyo hutiwa chini ya daraja la gitaa kavu, kikabanwa na nyuzi zinapotikisika. Sauti yake ni kali, ya juu juu, yenye ukavu wa plastiki. Yaani pedali humwezesha mtu wa gitaa la umeme kumwiga mtu wa gitaa kavu aliyetiwa umeme. Mwiga wa mwiga! Lakini msikilizaji wa siku hizi ameizoea sauti hiyo katika majukwaa, huiona ndiyo yenyewe.

Siku hizi wengine wamekwenda mbali zaidi. Hulichukua gitaa kavu halisi, wakapima jinsi kasha lake linavyojibu linapoguswa, jibu hilo likahifadhiwa kwa tarakimu, kisha kila noti ya gitaa la umeme hupitishwa katika hesabu za jibu lile. Huko ni kumvika mtu kanzu ya mwenziwe iliyoshonwa kwa vipimo hasa. Hukaa vizuri sana begani. Lakini mvaaji ni yule yule, na pikapu isichokisikia, pedali hukisingizia. Kiganja kikigonga ubao, ukucha ukikwaruza, pumzi ya kasha mtu anapopiga kwa upole mno, hayo hayakuingia katika waya, na hesabu haina pa kuyatoa.

Sisemi kifaa hicho ni udanganyifu. Kwa nyimbo za Mwenda na wenziwe nimekisikia kikifanya kazi njema, hasa kilipotumiwa na mtu mwenye adabu nacho: achague pikapu iliyo karibu na shingo ya gitaa, ya koili moja, aifute mikwaruzo yote ya umeme, atie nyuzi mpya, na waya wake uende moja kwa moja katika mikisa na spika kubwa za ukumbi, usipite katika amplifaya ya gitaa. Akipitisha kwa amplifaya ya gitaa, spika yake itazikata zile zile sauti za juu ambazo pedali imehangaika kuzinyanyua. Nusu ya malalamiko niyasikiayo juu ya pedali hizi chanzo chake ni hapo.

Lakini kwa Konde, la. Na hapa iko dhihaka ambayo wengi hawaioni. Sahani za santuri za zama zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, zikashika kiasi cha dakika tatu upande mmoja, na uwezo wao wa kuhifadhi sauti za juu ulikuwa mdogo. Masikio yetu yameisikia sauti ya Konde ikiwa imeshapita katika pikapu, katika amplifaya, na katika sahani, na kila mlango ulikata kitu juu. Kijana anayetaka kuikaribia sauti hiyo hahitaji kuongeza mng'aro; ahitaji kuupunguza. Aiweke pedali yake pembeni, ateremshe kitufe cha sauti za juu kilicho kwenye gitaa lenyewe, apunguze nguvu ya mkono, aache makundi ya noti yadumu. Kisichohitajika ndicho alichokinunua kwa bei ghali.

Katika miaka ya 1960 upepo ulibadilika. Kizazi cha Fadhili William na Daudi Kabaka kilishika uwanja, twisti ikavuma, na nyota wa santuri za zamani wakafifia mmoja mmoja. Ndiyo desturi ya muziki, na sitaki kuifanya msiba. Magitaa ya umeme yakajaa kila bendi hata ikawa hakuna anayekumbuka kuuliza lilianzia kwa nani. Wanamuziki wengi wa enzi ile walilipwa mara moja kwa wimbo, na wimbo ukaendelea kuimbwa bila wao.

Konde alibahatika kuwa hai pale watu walipoanza kumtafuta tena. Them Mushrooms, bendi iliyoanzia Mombasa na ambayo waasisi wake wana wa Harrison ni watu wa Kaloleni, walishirikiana naye kuzirekodi upya nyimbo zake, na magitaa yakiwa ya umeme waziwazi, pasi na kuomba radhi. Mwaka 1994 zikakusanywa rekodi zake za tangu 1947 hadi 1956 katika sahani ya kisasa, ya kompakt, ikitolewa na RetroTan. Ndipo walio nje ya Afrika Mashariki wakaanza kulitaja jina lake katika vitabu vya muziki, na Wagiriama wawili watatu niwajuao wakashtuka kusikia kwamba yule mzee ni wa kwao.

Alifariki tarehe 29 Juni, 2000, akiwa na umri wa miaka 75. Pedali ya AC-2 ilikuwa na miaka mitatu madukani. Ile sahani ya mwaka 1994 haipatikani kwa urahisi huku kwetu, na aliye nayo Kilifi au Malindi namsihi asiifungie kabatini. Wako vijana Kaloleni na Mariakani wanaojifunza Tausi Ndege Wangu kwa kuigiza walioigiza, na ingewafaa kumsikia mwenyewe kwanza, kabla hawajaweka mguu juu ya kisanduku.